Endesha Kama Fundi Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Mji huu mzima, kuanzia mtoto anayeogeshwa kwenye beseni hadi hakimu anayesukutua mdomo kabla ya kuhukumu watu, unakunywa maji kwa hisani ya mjomba wako. Nimeanza na hilo ili ujue unaandikiwa na nani.

Pokea salamu nyingi kuliko matone yapitayo mbele ya macho yangu kwa siku. Mimi ni mzima wa afya kama chuma cha reli. Hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali, huko kwenye ofisi yenu ya kutibu kompyuta. Mama yako naye mzima. Pumu yake imetulia, mdomo haujatulia. Jana kaniambia nimenenepa. Nikamwambia, dada, huo si unene, ni cheo.

Utauliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu yangu ilizama kwenye bwawa la kutulizia maji nilipokuwa napambana na nyoka mnene kama paja langu. Mlinzi wa getini anasema ulikuwa mpira wa kumwagilia. Mlinzi hajui nyoka.

Sasa habari yenyewe. Fundi Mkuu wetu amelazwa. Tumbo lilimkata akiwa kitini, akabebwa na watu wanne, amepasuliwa, na hadi leo hajarudiwa na fahamu. Tumwombee. Lakini mtambo wa maji hausubiri mgonjwa apone, na Meneja ni mtu wa karatasi, hata bomba la nyumbani kwake hufungwa na mke wake. Sasa amebaki nani? Niambie wewe. Amebaki nani?

Kompyuta ya chumba cha mitambo ni moja. Sisi wapimaji tuna jina letu mle ndani, linaitwa Mpimaji, na kwa jina hilo unaruhusiwa kutazama tu, kama mtoto kwenye dirisha la duka. Fundi Mkuu akitaka kufanya kazi yake hana haja ya kututoa sisi kwanza. Anaita kidirisha kidogo juu ya kazi yetu, kimeandikwa "Endesha kama:", anachagua jina lake, anaandika neno lake la siri, basi, mambo yanafunguka. Siku alipoanguka alikuwa amekiita kidirisha hicho. Nikakikuta pale pale, jina lake limekaa, nyota za siri zimejipanga, na chini yake alama ya vema kwenye neno "Kumbuka".

Mjinga angeogopa. Mimi nikakisoma. Endesha kama Fundi Mkuu. Haya, Fundi Mkuu huendesha vipi? Huvaa koti lake la bluu, hukaa wima, hukohoa kidogo, hushika kidevu. Koti lilikuwa kwenye msumari. Nikalivaa, nikakaa wima, nikakohoa, nikashika kidevu, nikabonyeza. Mpwa wangu, ilifunguka! Kabati la mafaili, barua, hata Kipima Dawa, ile programu inayoamua maji yatiwe dawa ya klorini kiasi gani. Iliniuliza swali moja hivi, nikalijibu kiume. Na barua hii ninakuandikia humo humo, nikiwa ndani ya koti.

Mimi mjomba wako, ambaye hapa kazini wananiita Mkurugenzi.


Jumanne, 4 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema. Mimi sijambo, ila tangu jana usiku sijatulia, na nitakwambia kwa nini.

Barua yako imefika ikiwa na jina la Fundi Mkuu juu yake. Nilidhani ni tapeli, nikataka kuifuta. Nilipofika kwenye yule nyoka ndipo nikajua ni wewe.

Mjomba, nisikilize kama unavyomsikiliza daktari. Lile "kama" si la "anaimba kama kasuku". Ni la "nimesimama hapa kama shahidi". Mashine haikukwambia umuige Fundi Mkuu. Ilikuuliza unataka kuwa nani, nawe ukaiambia wewe ni yeye. Koti halikuhusika. Kuanzia pale, kila unachogusa anakigusa Fundi Mkuu. Dirisha likifunguliwa kwa jina la mtu, kila kinachozaliwa ndani yake hubeba jina hilo, kama watoto wabebavyo jina la baba. Ndiyo maana hata barua yako imeniita mpwa kwa sauti ya mtu nisiyemjua, aliyelala hospitalini hajitambui.

Tafadhali funga kila kitu ulichokifungua humo. Uguse ile alama ya msalaba pembeni juu. Usiguse kile kistari kilicho karibu yake. Kistari hakifungi, kinaficha tu. Kisha mwambie Meneja. Usichekeshe, usipambe, mwambie tu.

Na lile swali ulilolijibu kiume lilikuwa linasema nini?

Mama nimeongea naye. Anakusifia mpaka nachoka.

Mimi mpwa wako.


Alhamisi, 6 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hali yangu ni nzuri. Hofu na mashaka ni juu yako, na kidogo, kidogo sana, yako huku pia.

Kwanza nimefunga. Nimefunga vyote. Nimevifunga kwa mkono wa mtu aliyewahi kufunga mdomo wa mbwa kichaa kwa mkanda wa suruali. Nilibonyeza vikashuka chini vyo! vikatoweka. Kisha nikajitoa kabisa kwenye kompyuta, nikarudi kwa jina letu la Mpimaji. Tazama juu ya barua hii, jina ni letu. Umeridhika?

Meneja sijamwambia. Ana wageni.

Sasa nakuuliza wewe uliyesoma. Asubuhi hii nilikaa kutazama namba ya dawa. Sikugusa kitu, nilikuwa natazama tu, na koti nimelivaa kwa ajili ya baridi. Siku zote namba hiyo ni mbili. Nilikuta ni nne. Nikasema labda macho. Nikiwa bado naitazama, ikakonyeza, ikawa tano. Mbele ya macho yangu. Na chini yake yakajiandika maneno: "Imebadilishwa na: Fundi Mkuu."

Mpwa wangu, Fundi Mkuu yuko wodini. Mlinzi alikwenda kumwona jana jioni, akasema mtu kalala kama gogo, mipira puani. Mwili uko kule, jina linatembea huku ndani ya mashine, linafanya kazi, linabadilisha namba. Nilitafuta mahali pa kulisimamisha. Nikapata kitufe kimeandikwa "Simamisha". Nikabonyeza. Ikanijibu: "Huna ruhusa ya kusimamisha kazi ya Fundi Mkuu." Nikaita kile kidirisha cha "Endesha kama", nikachagua jina lake. Safari hii nyota hazikuwepo. Kinataka neno la siri. Kumbe kile "Kumbuka" kilikuwa kinakumbuka hadi tujitoe, na mimi nilishajitoa. Kutoka nimetoka, kurudi ndani ndio mlango hauna kitasa.

Sikutetereka. Unanijua. Nilinyanyuka taratibu, ila kwa haraka ya kikazi nikaipiga kikumbo glasi ya kupimia, maji yakanimwagikia mapajani, koti la watu likalowa. Nimeliloweka kwenye ndoo kule stoo, kwenye bomba linalotoka moja kwa moja mtamboni. Mgonjwa akizinduka akute koti lake safi. Heshima ni jambo dogo.

Nilipomweleza Mlinzi habari ya jina linalotembea, alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mkurugenzi, juzi nyoka, leo jini. Kesho utaoa malaika?"

Nijibu upesi.

Mjomba wako.


Ijumaa, 7 Machi

Shikamoo Mjomba,

Salamu baadaye. Najibu upesi kama ulivyoomba.

Hakuna jini. Hakuna jina linalotembea. Ni wewe Mjomba, wewe wa Jumatatu, na bado unaendelea.

Uliposema vilishuka chini "vyo", nilijishika kichwa. Vitu vikifungwa havishuki. Uligusa kistari. Kipima Dawa ulichokifungua kwa jina la Fundi Mkuu bado kinafanya kazi nyuma ya pazia, na kwa kuwa ni mali ya Fundi Mkuu, wewe Mpimaji huwezi kukigusa. Mtu ameingia na funguo za mwenye nyumba, akawasha jiko, kisha akatoka na mlango ukajifunga nyuma yake. Jiko linawaka.

Sasa nahitaji lile swali. Programu ya namna hii ukiifungua kwa jina la mtu, huamka na mambo ya mtu huyo, yale aliyoyaacha nusunusu. Je, ilikuuliza kama iendelee na mpango fulani? Jaribu kukumbuka maneno yenyewe. Mjomba, ulijibu nini?

Kuna jingine, na hili ndilo linalonitetemesha. Nimempigia Mama mchana. Anakohoa. Anasema maji yananuka dawa tangu juzi, yakichemka ndiyo kabisa, mvuke unamkaba. Nikamwambia Mama acha kuyatumia, chukua ya kisima cha jirani. Unajua alinijibu nini? "Niache maji ya mdogo wangu nikanywe ya jirani? Maji haya anayatengeneza yeye mwenyewe kwa mkono wake. Akiniambia yako sawa, yako sawa."

Ni wewe uliyemwambia hivyo. Atakusikiliza wewe tu. Nenda kamwambie asiyatumie, na nenda kwa Meneja leo, kabla hajatoka.

Mpwa wako.


Jumapili, 9 Machi

Mjomba,

Sijapata jibu. Najua mwisho wa juma hukai kwenye kompyuta, lakini miguu unayo.

Jirani amenipigia. Mama amepelekwa zahanati asubuhi, kifua kimembana akiwa anafua. Wamemwekea hewa. Anaongea maneno mawili mawili. Nimejaribu namba ya ofisi yenu, inaita mpaka inakata.

Jirani anasema ulifika kwa Mama jana, naye akiwepo, ukakaa, ukanywa maji glasi nzima mbele yake huku ukisema ni matamu, ukaondoka.

Kwa nini Mjomba?


Jumatatu, 10 Machi

Mpwa wangu,

Safari hii sina salamu za kupamba. Hofu na mashaka ni juu yangu mwenyewe.

Nilikwenda kwa dada yangu nikiwa nimejipanga kumwambia. Nimeshika kofia mkononi. Akanifungulia mlango, akasema, "Huyo mwenye maji yake kaja!" na jirani yumo ndani anatazama. Akaniletea glasi. Mpwa wangu, nilinusa kabla haijafika mdomoni. Ningesema nini? Nikainywa. Ilinichoma mpaka masikio. Nikasema ni matamu. Sijalala tangu siku hiyo.

Nakujibu swali lako. Maneno yenyewe yalikuwa: "Kuna mpango uliohifadhiwa wa kuosha mabomba mapya. Endelea?" Chini yake Ndiyo na Hapana. Mabomba mapya ni yale ya upande wa kaskazini, ambayo hayajaanza kutoa maji kwa watu. Fundi Mkuu aliyapangia dawa kali inayopanda kila asubuhi, kisha ingemwagwa yote ardhini. Mtu asingekunywa. Lakini valvu ya huko hajaifungua mtu, kwa hiyo dawa yote inakwenda mjini. Mimi nilijibu Ndiyo. Nilidhani mtu mwenye koti lile hawezi kujibu Hapana.

Leo namba ni tisa.

Na kuna balaa kubwa kuliko hiyo. Kazi yangu halisi ni kupima maji asubuhi. Unatia kidonge kwenye maji, yanageuka pinki. Dawa ikiwa nyingi, pinki inakolea. Wiki iliyopita ilikuwa inakolea, nikaona ni vizuri, maji yana nguvu. Leo nimetia kidonge, pinki ikaja ghafla kama aibu, halafu ikapotea. Maji meupe. Nikatia kingine. Meupe. Meneja kapita, kaona meupe, akasema, "Mbona maji hayana dawa kabisa? Ndiyo maana watu wanalalamika wanaumwa. Mchana wa leo naagiza iongezwe mara mbili kwa mkono."

Iongezwe!

Nikafungua mdomo. Mdomo huu, uliowahi kumbishia askari wa barabarani mpaka akaomba msamaha yeye, ulikauka kama gunzi. Maana nilifikiri: nikisema, nitasema nini? Kwamba mimi nisiye na ruhusa niliingia kwa jina la mgonjwa? Kesho niko nje ya geti. Na nisiposema, watakapokuja kuchunguza, mashine itawaambia ni Fundi Mkuu, basi, mtu kalala hana habari anaamka kakuta pingu zinamsubiri kwenye reli ya kitanda. Nikatoka nje. Nikasema niende stoo nikakae kidogo gizani niache moyo ushuke.

Kule stoo ndiko iliko ile ndoo.

Nililiinua koti. Mpwa wangu, koti la bluu lilitoka jeupe. Si lote, mabakamabaka, kama ng'ombe. Mfuko wa kifua ukabaki mkononi mwangu nilipoushika. Maji yale yale ya bomba, hakuna nilichoongeza, hata sabuni nilikuwa sijatia. Na maji hayo ndiyo yanayokwenda kwenye kifua cha mama yako.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Naelewa sasa.

Nimerudi mara moja kukuandikia haya ili angalau mtu mmoja ajue ukweli kwa mkono wangu. Meneja yuko ofisini kwake, nasikia anapiga simu ya kuagiza dawa iongezwe. Naenda. Koti nimelishika. Likinidondokea maji njiani nisamehewe.


Jumanne, 11 Machi

Mjomba,

Barua yako haina sahihi. Umeingia? Ulisema nini?

Jirani ananiambia maji yamekatwa mji mzima tangu jana alasiri, na kuna gari linapita na kipaza sauti likisema watu wamwage yote waliyoyahifadhi. Watu wanasema ni bomba limepasuka. Ni wewe?

Mama anapumua bila mashine tangu alfajiri. Anakuulizia. Nimemwambia uko kazini.

Niandikie hata neno moja.

Mpwa wako.


Jumatano, 12 Machi

Mjomba, hata neno moja.


Jumamosi, 15 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Usishtuke kuona jina lililo juu ya barua hii. Natumia simu ya mama yako, kwa ruhusa yake mwenyewe, nimeiomba kwa mdomo, akasema "chukua". Nimejifunza.

Yeye mzima. Yuko nje anagombana na mtu wa mkaa. Mimi pia ni mzima, kiasi. Kompyuta nimekatazwa kuikaribia, hata kuipangusa vumbi, ndiyo sababu ya ukimya. Nimehamishiwa kitengo cha bustani, ambako nyasi zote za mtambo sasa ziko chini yangu.

Nilipoingia kwa Meneja alikuwa na Mlinzi na wale mafundi wawili wa pampu. Nikasema, "Mheshimiwa, usiongeze dawa. Dawa imezidi. Mimi ndiye niliyeizidisha."

Halafu Mlinzi akaanza.

"Mkurugenzi, hiyo dawa uliizidisha kabla au baada ya kumuua yule nyoka?"

Wakacheka. Fundi mmoja akasema, "Mwacheni, leo kanywa maji makali." Meneja hakucheka, ila hakunitazama. "Mzee, kipimo kimeonyesha maji meupe. Wewe mwenyewe umepima. Unataka niamini kipimo au nikuamini wewe?"

Mpwa wangu, hapo ndipo nilipojua nilivyo maskini. Miaka yote nimesema maneno makubwa, wakanipa jina kubwa, na siku nilipokuwa na neno moja la kweli sikuwa na mtu wa kunikopesha sikio. Nikakumbuka ulivyosema, usichekeshe, usipambe. Sikuwa na la kupamba. Nikalitupa koti mezani, likapiga pwaa! juu ya karatasi zake.

"Hili ni koti la Fundi Mkuu," nikasema. "Lilikuwa bluu. Limelala kwenye maji ya bomba letu, bila sabuni, bila kitu. Dada yangu anayanywa hayo maji. Yuko zahanati."

Meneja akalishika ukosi. Ukosi ukachanika kama mkate uliolowa. Akalinusa. Nilimwona rangi ikimtoka usoni kama ilivyomtoka koti. Yule fundi aliyekuwa akicheka akasema polepole, "Dawa ikizidi sana huila hata ile pinki. Kipimo kinakuwa cheupe." Kisha akaondoka mbio, na mwenzake nyuma yake, wakaenda kuzima pampu ya dawa kwa mkono. Nilisikia ilivyonyamaza. Sijawahi kusikia ukimya mtamu kama ule.

Wakubwa wawili walikuja kutoka makao makuu. Karatasi yao ilikuwa na jina la Fundi Mkuu kila mstari: alibadilisha, alibadilisha, alibadilisha. Walikwenda nayo hospitalini, maana alikuwa amefumbua macho siku hiyo hiyo. Nilikwenda nao. Hakuna aliyenituma. Nilisimama miguuni pa kitanda nikasema, "Mliyemwandika humo ni huyu. Aliyefanya ni mimi. Nilikuwa nimevaa jina lake." Wakaandika. Mmoja akaniuliza cheo changu. Nikasema, mpimaji. Hilo tu.

Fundi Mkuu aliniashiria nisogee. Sauti yake bado nyembamba kama uzi.

"Mkurugenzi, nasikia nilikuwa nachapa kazi nikiwa nimelala."

"Ndiyo bosi. Na hukudai hata posho."

Akataka kucheka, akashika tumbo, nesi akanifukuza. Lakini kabla sijatoka akaniita. "Ngoja. Kuna kitu sielewi. Koti langu. Hakuna aliyekuomba ulifue. Usingelifua, leo tungekuwa tunazika watu. Nini kilikutuma?"

Nikamwambia ni heshima kwa mgonjwa. Meneja ameandika kwenye taarifa yake kwamba "mpimaji, kwa kushuku ubora wa maji, aliloweka kitambaa ili kupata uthibitisho". Kwa sababu ya mstari huo hawakunifukuza. Wamenihamishia kwenye nyasi tu. Mama yako ndiye kabisa. Anawasimulia watu zahanati nzima kwamba mdogo wake aliinusa hatari kwa akili yake mwenyewe, akafanya jaribio la kisayansi ndani ya ndoo. Jana kaja mwanamke na mtoto mgongoni kunishukuru. Nikapokea. Nilivyopokea, sikulala vizuri.

Kwa hiyo nakuandikia wewe, ambaye ulikuwa unanijibu hata kabla hujaniamini. Ukimaliza kusoma ifute upande wako. Upande huu nitahangaika nao mwenyewe. Nimejaribu kufuta barua moja ya majaribio, simu ikaniuliza swali, na siku hizi nikiulizwa swali na mashine naita mtu.

Ile Alhamisi, namba ilipogeuka tano na jina la mtu aliyelala likajiandika chini yake, nilikwambia niliipiga kikumbo glasi ya kupimia, maji yakamwagika kwenye koti. Glasi ilikuwa kabatini, mpwa wangu, kavu, imefunikwa kitambaa. Nilijikojolea.

Mjomba wako.